Televisheni ya Fundi Makochi

Kila jioni, vyombo vikishaoshwa na kufunikwa, mke wa fundi makochi alijitupia mtandio mabegani na kusema, "Naenda kwa Mama Sindano mara moja." Mara moja yake ilikuwa ndefu. Fundi alibaki sebuleni na redio, na redio ilipomchosha aliizima, nyumba nayo ikawa kama imezimwa. Mkewe aliporudi alimkuta amesinzia kitini, kidevu kifuani, tepu ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Amka ukalale."

"Tamthilia imefika wapi?"

"Imefika palepale."

Basi. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao.

Nyumba hiyo haikuwa hivyo siku zote. Walikulia humo mapacha, wavulana wawili waliogombania kila kitu hadi nani atangulie kutoka mlangoni, na kwa ajili yao mtaa mzima ulimwita fundi Baba Mapacha na mkewe Mama Mapacha. Wavulana walikua, wakaoa, wakahamia kila mmoja mji wake. Majina yalibaki. Yalibaki pia mashimo mawili kwenye kochi la sebuleni, pale walipozoea kujirusha wakitoka shule. Fundi alikuwa amevisha upya makochi ya nusu ya mtaa, ameng'oa sponji zilizokufa na kukaza springi zilizolegea, lakini kochi lake mwenyewe hakuligusa. Kila aliposhika mkasi alikumbuka kazi nyingine. Jioni alikaa akitazamana na mashimo hayo, na ilimjia wakati mwingine kwamba mkewe alikuwa anakimbia hayo hayo anayoyatazama yeye, ila mwenzake alikuwa amepata pa kukimbilia.

Karakana yake ilikuwa banda la mabati lililogawanywa katikati kwa turubai. Upande wa pili alifanya kazi seremala, rafiki yake tangu ujana, mwenye ulimi mkali na moyo laini. Harufu ya gundi ilitoka upande mmoja, vumbi la mbao upande mwingine, na maneno yalipita kotekote.

"Baba Mapacha," seremala aliita asubuhi moja, randa ikikwaruza. "Nasikia mkeo amekuhama."

"Kakwambia nani?"

"Si mke wangu! Anasema Mama Mapacha siku hizi makazi yake kwa Mama Sindano."

"Anaangalia tamthilia."

"Ndiyo aibu yenyewe hiyo. Mwanamume mzima unanyang'anywa mke na tivii yenye kisogo!"

Televisheni ya Mama Sindano ilikuwa na kisogo kweli, ile ya zamani inayojaza meza nzima na kuguna kabla ya kuwaka. Mama Sindano mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mjane, aliyekaa nyumba chache kutoka kwao. Ndiye aliyewashonea mapacha sare zao zote, akiwaongezea pindo la siri ndani ili zishushwe wakirefuka. Mwanawe wa pekee aliishi mji mwingine na alikuwa na maisha mazuri. Fundi hakuwa na ugomvi naye. Alimwita shemeji, naye akamwita hivyohivyo, maana Mama Mapacha alimchukua kama dada yake wa tumbo moja.

Ila siku hizi kazi ya mikono yake ilikuwa imeingia kichekesho. Fundi alikuwa amepeleka suruali yake ya kahawia ipunguzwe urefu, ikarudi pindo limenyooka sawasawa, uzi kijani kibichi.

"Tazama," alimwonyesha mkewe akicheka. "Shemeji ameanza kunipamba."

Mama Mapacha hakucheka. "Uzi ni uzi. Nani atakuinamia miguuni kukukagua?"

"Nasema tu. Nikiirudisha si ataona mwenyewe?"

"Usiirudishe," alisema upesi, akaichukua ile suruali na kuikunja, pindo kwa ndani.

Maneno ya seremala yalimkaa fundi rohoni. Alijaribu kuyacheka, yakagoma. Usiku akiwa amelala chali alijihesabia makosa yake ya mume na hakuona kubwa. Hakuwa mlevi. Hakuwa mkali. Alikuwa mkimya tu, na ukimya wake mkewe aliuzoea tangu uchumba. Lakini labda, aliwaza, mtu huweza kuzoea kitu kwa miaka mingi na siku moja akachoka nacho. Ndipo alipokata shauri. Kama ni televisheni inayomtoa mke wake nyumbani, basi televisheni italetwa nyumbani, tena isiyo na kisogo.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa na kioo kirefu kilichomfanya kila mpita njia ajione humo kama amebeba televisheni mabegani. Ndani, televisheni zilining'inizwa ukutani safu juu ya safu, zote zikionyesha samaki wale wale wa rangi wakiogelea kwa pamoja. Msichana muuzaji alimfuata.

"Karibu, mzee wangu. Tunatafuta ya sebuleni au ya chumbani?"

"Ya kumbakiza mtu nyumbani," fundi alisema, kisha akakohoa. "Ya sebuleni. Na isiniue kwa bei."

"Hapo umefika. Hii hapa ni smati, na ni ya bei ya kawaida kabisa. Huhitaji kisanduku kingine pembeni. Unaiunganisha na intaneti ya simu, unatazama unachotaka, saa unayotaka. Hata tamthilia iliyokupita, unairudisha nyuma."

"Inarudisha?"

"Mpaka mwanzo wake."

"Ina akili basi."

"Ndiyo maana ya smati, baba."

"Mimi sijui kama nyumba yangu inaweza watu wawili wenye akili. Mke wangu tayari yupo." Msichana akacheka, na fundi akapata nguvu ya kuuliza alilotaka. "Ukubwa wake?"

"Inchi arobaini na tatu."

Aliirudia namba ile kimoyomoyo kama mtu anayebeba yai. Mkono ulimwendea shingoni penye tepu, lakini palikuwa na kibao kinachosema bidhaa zisiguswe, na televisheni yenyewe ilikuwa juu, nyuma ya watu waliokuwa wakishangaa samaki. Hakuona haja ya kusumbua watu. Inchi arobaini na tatu ni inchi arobaini na tatu. Alikuwa ameishi na inchi tangu ana miaka kumi na tisa. Aliahidi kurudi mwisho wa mwezi.

Hakuzoea kuleta kitu nyumbani kabla hajakiandalia pa kukaa. Kwa seremala alipata mbao laini zilizobaki kwenye kitanda cha maharusi, na kwa jioni kadhaa, mkewe akiwa kwa Mama Sindano, alibaki karakana akijenga kabati. Nafasi ya kati aliipima kwa uangalifu: inchi arobaini na tatu kutoka ubao hadi ubao, na unene wa kidole kwa ajili ya kupumua. Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi makochi na si seremala, hakuweza kuiacha mbao tupu. Aliutandika mgongo wa kabati sponji nyembamba, akauvisha mahameli nyekundu iliyobaki kwenye kazi ya hoteli, akaibana kwa vifungo kila penye pembe.

Seremala alifunua turubai akatazama. "Hii ni tivii unaileta au bibi harusi?"

"Nipe nyundo."

"Nauliza tu, nijue kama nivae koti."

Siku ilipofika, boksi lilikuja kwa mkokoteni, na Mama Mapacha akasimama mlangoni amejishika kiuno.

"Baba Mapacha, nini hiki?"

"Fungua uone."

"Tumepata wapi...?"

"Fungua kwanza, mama. Maswali yatatusubiri."

Waliiinua wote wawili, kila mmoja upande wake, nyembamba kama sinia, wakaiingiza kabatini. Ikaingia. Ikaendelea kuingia. Ikasimama katikati ya mahameli, na kila upande wake palikuwa na pengo la kupitisha ngumi, televisheni imekaa humo kama mtoto aliyevaa koti la babake.

Fundi alitoa tepu, akapima. Akapima tena kutoka kulia. Uso ulimshuka.

"Wameniibia inchi tano," alisema polepole.

"Ni nzuri hivyo hivyo," mkewe alisema. Alikuwa ameziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika.

"Unanicheka."

"Sikucheki, baba. Naicheka yenyewe. Ina raha zake humo ndani."

Hakungoja hata chai. Alirudi dukani na tepu mkononi na risiti mfukoni, akamkuta msichana yule yule, akamwambia mbele ya wateja wote kwamba yeye hakuja kugombana, amekuja kuchukua inchi zake tano. Watu wakageuka. Msichana alimtazama, akaitazama tepu, kisha akavuta kiti, akapanda, akaishika ncha ya tepu kwenye pembe ya chini ya televisheni ya ukutani.

"Baba, shika hapo. Sasa mimi naipeleka juu, pembe ya huku."

Tepu ilikata kioo kizima mshazari, juu ya samaki, ikafika. Inchi arobaini na tatu, bila kupungua.

Fundi alibaki ameshika ncha yake. "Mnapima kwa pembe?"

"Tivii zote, baba. Dunia nzima."

"Nani aliyeleta wazo la kupima kitu kwa pembe?"

"Waliozitengeneza."

"Hawajawahi kutengeneza kochi hao," alisema, na duka zima likaangua kicheko, naye mwenyewe akajikuta anacheka, ingawa masikio yalikuwa yanamuwaka. Msichana alishuka kitini. "Kwani umeijengea nini, kitanda?" Fundi alipomweleza habari ya mahameli na vifungo, msichana akaweka mkono kifuani. "Natamani mtu anisubiri mimi hivyo," alisema.

Jioni hiyo Mama Mapacha hakutoka. Alikaa kwenye kochi, juu ya moja ya yale mashimo mawili, na fundi akakaa pembeni yake na rimoti, akibonyeza kwa kidole kimoja mpaka tamthilia ikapatikana. Picha ilikuwa safi mno. Ungeweza kuhesabu shanga shingoni mwa mwanamke mwovu wa tamthilia hiyo. Fundi alisubiri. Alikuwa amejipangia kwamba mkewe atasema, "Huyo ndiye niliyekuwa nakwambia," au, "Mtazame mnafiki huyo," naye atauliza, naye atajibiwa, na jioni itakwenda. Mama Mapacha hakusema kitu. Alitazama, lakini midomo yake ilikuwa inachezacheza bila sauti, na kila pale wahusika waliponyamaza yeye alivuta pumzi kana kwamba anataka kusema, kisha akaitoa tupu na kugeuza macho dirishani.

Ikawa hivyo jioni ya pili. Ya tatu, vyombo vilipokwisha kufunikwa, alisimama karibu na mlango, mtandio mabegani.

"Naenda kwa Mama Sindano mara moja."

Fundi aliweka rimoti chini. "Tivii hii hapa. Tamthilia ni hiyo hiyo."

"Najua."

"Basi kule unafuata nini, mama? Niambie, nami nikakinunue."

Mkewe alimtazama kwa huruma iliyomuuma kuliko hasira. Ni kama alikuwa na neno mdomoni na mtu mwingine amelishika upande wa pili. "Nimeipenda tivii yako," alisema. "Kweli nimeipenda. Nitarudi mapema."

Alibaki peke yake na kioo kikubwa. Hakuwa anatazama, alikuwa amekaa tu mbele ya mwanga. Baada ya muda mrefu picha ikasimama na maandishi yakatokea yakimwuliza kama bado yupo, kama bado anatazama. Fundi aliyasoma mara mbili. Hakuna mwingine aliyekuwa amemuuliza kitu jioni hiyo.

Ndipo mvua ilipoanza kugonga bati, na akaona mwavuli umebaki nyuma ya mlango. Hiyo ilikuwa sababu halali. Aliuchukua akatoka.

Dirisha la Mama Sindano lilikuwa wazi kidogo, pazia limeshushwa. Fundi alikuwa ameinua mkono kubisha hodi aliposikia sauti ya mkewe, na mkono ukabaki hewani. Haikuwa sauti ya "amka ukalale." Ilikuwa sauti aliyoisahau, ile aliyokuwa akiitumia zamani mapacha wakiwa na homa, sauti inayoshuka na kupanda na kuchukua muda wake.

"Sasa wamenyamaza, dada. Yeye amesimama dirishani, amevaa gauni la kijani, lile la kola pana. Mume hamtazami. Anazungusha pete kidoleni, anaitoa nusu, anairudisha. Sasa anamtazama. Ah! Amegundua ile barua imefunguliwa."

"Uso wake?" aliuliza Mama Sindano.

"Mweupe kama karatasi. Mdomo unamcheza."

"Mwache umcheze, amezidi." Cherehani ililia kidogo, ikanyamaza. "Nitungie tena, uzi umekatika. Huu ni wa rangi gani?"

"Bluu. Ngoja nikupe mweusi, hii ni sketi nyeusi. Siku ile sikuwepo ukashona kwa uzi wa kijani ukidhani ni wa kahawia, na suruali yenyewe ya mume wangu!"

Wote wawili walicheka mpaka cherehani ikasahauliwa. Kisha kicheko cha Mama Sindano kilikwisha kabla ya kile cha mwenzake.

"Hujamwambia shemeji?"

"Sijamwambia."

"Usimwambie mtu. Si kwamba ni mbaya, shemeji ni mtu mwema. Lakini neno likitoka kwako litafika kwake, kwake litafika kwa seremala, na kwa seremala ni sawa na redioni. Mwanangu akisikia mama yake anaona vivuli tu, kesho yake yuko hapa na gari. Atanichukua. Atanipa chumba kizuri, na nitakaa humo nikisubiri watu watoke kazini waje waniambie kumekucha. Hapa najua kila kitu kilipo. Kutoka mlangoni hadi cherehani, miguu inajipeleka yenyewe."

"Siwezi kusema, dada."

"Na sasa umeletewa tivii yako. Kubwa, wanasema. Nisikufunge hapa."

"Nani kakuambia unanifunga? Nyamaza, wanaanza kuongea."

Mvua ilimwagika kwenye mwavuli uliokuwa haujafunguliwa. Fundi alirudi nyuma taratibu, akichagua pa kukanyaga, akaenda zake na kulowa njia nzima. Mkewe aliporudi baadaye naye alikuwa amelowa.

"Umelowa," fundi alimwambia.

"Na wewe?"

"Nilitoka kuangalia mfereji."

Walitazamana, maji yakiwatiririka wote wawili sakafuni, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Siku mbili zilizofuata kazi haikumwendea. Alikuwa na kiti cha daktari wa meno cha kuvalisha, akajikuta ameinama juu yake amefumba macho, akibonyeza sponji kwa kiganja, akitafuta ilipokufa. Aliipata bila kutazama. Alitembeza vidole ukingoni, akahesabu misumari kwa ncha za vidole. Alitaka kupiga hatua hadi kwenye ndoo ya gundi akiwa hivyo hivyo, akajigonga gotini kwenye benchi, akatukana.

"Unafanya nini huko?" seremala aliita.

"Kazi."

"Kazi ya kutukana?"

Alikaa juu ya benchi akilisugua goti. Alikuwa amevaa ile suruali ya kahawia. Aliinama akalitazama pindo, uzi wa kijani ukiwa umepita mstari mmoja bila kuyumba, kila mshono sawa na wenzake. Alikuwa ametaka mke wake abaki nyumbani, bado alitaka hivyo, kwa hamu iliyompa aibu katika umri wake. Lakini sasa alijua kwamba akimshika mkono na kumkalisha, kuna mtu atakayebaki gizani na cherehani na televisheni inayoguna. Na akisema neno moja la kuonyesha anajua, atakuwa amemwaga kitu ambacho hawezi kukizoa. Alilisugua goti mpaka maumivu yakaisha. Kisha akasimama, akavaa viatu vyake vizuri, akaenda kwa Mama Sindano mchana kweupe.

"Hodi, shemeji."

"Karibu, shemeji." Alikuwa ameketi kwenye cherehani, uso umeelekea mlangoni, umeelekea hasa, ila kidogo kando ya pale aliposimama fundi. "Kiti kipo hapo kulia kwako. Vipi, pindo limefumuka?"

"Pindo ni zima. Nina shida nyingine, na naomba ibaki hapa kwetu." Alikaa. Hakuwa mzoefu wa kusema uongo. "Nimenunua tivii, umesikia. Sasa macho yangu, shemeji. Ule mwanga unanitoa machozi. Watu nawaona kama ukungu, siwatambui. Mama Mapacha nikimwuliza anasema nitazame mwenyewe. Naona haya kumwambia."

Mama Sindano aliiacha cherehani. Vidole vyake vilikuwa vinasafiri ukingoni mwa meza ya cherehani, huku na huku.

"Macho, shemeji?"

"Macho."

"Tangu lini?"

"Si muda. Naweza kazi, maana kazi nyingi ni ya viganja. Jioni ndiyo tabu."

"Jioni ndiyo tabu," alirudia, na sauti yake ikabadilika, ikawa ya mtu anayemsogezea mwenzake nafasi. "Sikiliza. Ukimimina chai, weka kidole ukingoni mwa kikombe, joto likikigusa acha. Pesa zikunje tofauti, kila moja mkunjo wake. Na usiruhusu mtu akusogezee viti nyumbani, ukaribu wa kitu na kitu ndio..." Alisita. Akashika mkasi, akauweka. "Nasikia hivyo. Kuna mteja wangu aliniambia."

"Asante, shemeji. Nitajaribu hiyo ya kidole." Fundi alitazama sakafu kwanza. "Ninachoomba ni kidogo. Mje mtazame kwetu, wewe na mwenzako. Ukiwepo wewe atasimulia, nami nitasikia bila kuomba. Na ile tivii inarudisha mpaka mwanzo kabisa, yale yote yaliyopita."

"Mpaka mwanzo? Hata kabla mume hajaoa mke wa pili?"

"Hata kabla hajaota ndevu."

Alicheka, akatikisa kichwa. "Nitaleta na kazi yangu," alisema. "Mimi siwezi kukaa mikono mitupu."

Jioni hiyo Mama Mapacha, mwenye mshangao mwingi na maelezo machache, alimleta dada yake wakiwa wameshikana mikono kama wasichana waendao dukani. Fundi alikuwa hajasogeza kiti hata kimoja. Televisheni tu ndiyo aliyoisukuma upande mmoja wa kabati, na lile pengo lililobaki upande wa pili, lenye mahameli nyuma yake, likawa na upana wa kutosha kopo la nyuzi na sindano. Mama Sindano alilipapasa, akalikuta linakaa bila kuyumba. "Mmenitengenezea rafu kabisa," alisema, akaketi pale mwanzo wa kochi. Aliingia moja kwa moja kwenye shimo la pacha wa kwanza, akajigeuza kidogo, akatulia. "Kochi lenu limekaa vizuri. Msije mkalitia sponji mpya."

Tamthilia ilianza kutoka mwanzo wake. Watu waliongea, muziki ukapanda, wakanyamaza. Mama Mapacha alivuta pumzi, akaishikilia, akamtazama mumewe kwa wasiwasi.

"Kumetokea nini?" fundi aliuliza. "Mbona kimya?"

"Si unaona mwenyewe?"

"Mimi sioni, mama. Mwanga unanitesa. Nisimulie."

Huyu ni mtu aliyekuwa ameona uzi wa kijani kwenye pindo la suruali kutoka upande wa pili wa chumba. Mama Mapacha alimwangalia muda mrefu, na fundi akaona vitu vinapita usoni mwake kimoja baada ya kingine, mvua, mwavuli, mfereji usio na tatizo. Machozi yakamlengalenga. Kisha akageukia kioo.

"Haya," alisema, na ile sauti ikaja, ikaingia sebuleni kwao. "Ni asubuhi. Mlango wa bluu, rangi imebanduka chini. Msichana amekaa kwenye ngazi, bado hajamjua huyo mwanamume. Amevua kiatu kimoja, anakitikisa, kuna kijiwe ndani."

"Masikini," alisema Mama Sindano. "Angejua."

Ili asiwe mwongo moja kwa moja, fundi alifumba macho. Aliuona mlango. Aliuona na ule ubanduko wa rangi, na kiatu, na alipoegemea nyuma bega lake liligusa bega la mkewe, likabaki hapo. Cherehani haikuwepo, lakini alisikia sindano ya mkono ikipenya kitambaa, na kila baada ya muda Mama Mapacha akikatiza maneno kutunga uzi na kusema rangi yake kwa sauti ya chini, "huu mweupe," kama sehemu ya hadithi.

Alisimulia mtu akipita barabarani. Alisimulia mwanamume akishuka garini. Sauti za kwenye televisheni zikakatika ghafla katikati ya salamu.

"Wamenyamaza tena?" Mama Sindano aliuliza.

"Wamenyamaza," alisema Mama Mapacha. "Anamtazama. Hajui aseme nini. Mwanamume ameokota kile kijiwe cha msichana, anakigeuza mkononi."

Kimya cha kwenye televisheni kilizidi kuwa kirefu. Fundi alifungua jicho moja. Picha ilikuwa imeganda, na katikati ya kioo kiduara cheupe kilikuwa kinazunguka, intaneti ya simu imeishiwa pumzi. Hapakuwa na kijiwe. Hapakuwa na mkono. Alimtazama mkewe, uso wake umeangaziwa na kile kiduara, akizungumza.

"Anakitia mfukoni, kile kijiwe. Msichana ameona. Anataka kucheka, anageuza uso."

"Kayaanza mwenyewe," alisema Mama Sindano, sindano imesimama mkononi. "Halafu?"

Rimoti ilikuwa mapajani mwa fundi. Aliisogeza kando, akalifumba lile jicho.

"Ndiyo," alisema, "halafu?"